Muulize Kapteni: Uwanja niliuona, mbona hatukutua?

Shikamoo Kapteni. Mwezi uliopita nilisafiri kwa ndege ndogo ya abiria, mvua inanyesha. Tulipotoka mawinguni nikauona uwanja dirisha la kushoto, taa zinawaka, tukaupita kwa pembeni. Ghafla injini zikanguruma, ndege ikalalia kushoto, tukarudi mawinguni. Tukatua mji mwingine, nikalala hoteli kwa pesa yangu, na harusi ya mdogo wangu ikanipita. Rubani aliogopa nini?
— Msomaji, Singida

Marahaba. Pole kwa harusi. La hoteli kawabane waliokuuzia tiketi, mimi nijibu la rubani.

Mitambo ya redio hukuleta kwenye ncha moja ya njia ya kurukia. Siku ambayo upepo unatoka nyuma yako, inabidi utue kwa kuingilia ncha ya pili. Kwa hiyo ukishachomoza chini ya mawingu unauzunguka uwanja kwa macho, uko futi 800 au 1,000 tu, magurudumu yameshatoka. Mimi nikifika usawa wa ncha nilibonyeza saa: sekunde tatu kwa kila futi 100 za kimo, kisha nikate kona. Na hapo lazima upunguze hesabu, kwa sababu upepo sasa unakusukuma mgongoni.

Tarehe 15 Aprili 2002, Boeing 767 ya Air China ilikuwa ikizunguka hivyo Gimhae, uwanja wa Busan, Korea Kusini, kwenye mvua na ukungu. Upepo unatoka kusini, kilima kiko kaskazini. Wakachelewa kukata kona, njia ikawapotea machoni, nao wakaendelea kuitafuta. Rubani msaidizi alimwambia mkubwa wake wapande, lakini zilibaki sekunde chache mno. Kati ya watu 166 walikufa 129. Islamabad, tarehe 28 Julai 2010, ndege ya Airblue ilikuwa ikizunguka vilevile, ikapitiliza mbali na uwanja hadi vilima vya Margalla. Hakupona hata mmoja kati ya watu 152.

Sasa wewe uliuona uwanja, sikatai. Ila dirisha la abiria linatazama ubavuni, na rubani alihitaji kuiona ncha aliyokuwa anaiendea. Kipande cha wingu kikikaa pale, hata kiwe kidogo kama shuka, humalizii kona ukitumaini kitapita. Unapanda huku unageuzia pua uwanjani, maana juu ya uwanja ndiko unakojua hakuna mlima. Kule kulalia kushoto ndiko huko.

Mimi niliwahi kungoja. Sekunde nne hivi, nikijiambia litapita. Likapita kweli, tukatua, abiria wakapiga makofi. Rubani msaidizi wangu hakunisemesha mpaka tunafunga milango.