Misale moja, misale tano: je, kuna "msale"?

Swali: Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo. Niliandika barua parokiani kuomba vitabu vya Misa: "Tunaomba misale mitano ya waumini na msale mmoja wa padre wa kusomea masomo ya Jumapili." Katekista akaniambia nimekosea mara mbili: eti hakuna msale, na misale ya padre haina masomo. Lakini mti, miti, mkeka, mikeka, kwa nini isiwe msale, misale? Na kama misale haina masomo, mbona ya kwangu nyumbani inayo?

Jibu: Katekista wako yuko sahihi kote kuwili, lakini nawe hukukosea kijinga. Ulichofanya ndicho Kiswahili chenyewe kimefanya mara nyingi. Neno la Kiarabu mismar lina maana ya msumari mmoja tu. Waswahili waliposikia ile mi- ya mwanzo wakaichukua kuwa dalili ya wingi, wakapata msumari kwa umoja na misumari kwa wingi. Miswak nalo likatupatia mswaki na miswaki. Hakuna anayelalamika leo, na hakuna haja ya kulalamika.

Ila si kila neno lenye mi- lilipitia njia hiyo. Mizani ni mizani, iwe moja au kumi, hatusemi mzani. Mimbari ni hivyo hivyo, nayo unaiona kanisani kila Jumapili. Misale imo katika kundi hili. Asili yake ni Kilatini, missale, yaani kitabu cha missa, na missa ndiyo Misa yetu. Kwa hiyo mi- hapo si kiambishi, ni sehemu ya mzizi, na jirani yake Misa ndiye anayeilinda. Mwumini anayesema Misa kila wiki hawezi kuikata mi- ya misale bila sikio lake kushtuka, kwa kuwa hajawahi kusikia mtu akisema "msa".

Basi neno hili ni la ngeli ya I-ZI. Tunasema misale hii imechanika, misale hizi zimechanika. Misale yangu, misale zangu. Misale mpya, misale kubwa, misale nyingine. Kwenye idadi ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu "misale mitano" inasikika vizuri sana masikioni. Sahihi ni misale tano. Kuhusu tahajia, s moja inatosha, maana Kiswahili hakirudufu konsonanti hiyo. Na tuichunge irabu ya kwanza: masale ni mmea mwingine kabisa, ule ambao Wachaga hupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na kuupeleka mtu anapoomba radhi. Huko Kilimanjaro nyumba moja inaweza kuwa na misale mezani na masale uani, na yote mawili yanaheshimiwa.

Sasa masomo. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo barua yako ingekuletea kitabu usichokihitaji.

Zamani sana mhudumu wa Misa hakuwa na kitabu kimoja. Padre alikuwa na cha sala, msomaji na cha masomo, shemasi na cha Injili, waimbaji na cha nyimbo. Katika Zama za Kati vikaunganishwa kuwa kitabu kimoja kizima, na mwaka 1570 Papa Pius wa Tano akatoa Misale ya Kiroma iliyotumika katika sehemu kubwa ya Kanisa la Magharibi. Ile ilikuwa na sala na masomo pamoja. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868 waliadhimisha Misa kwa Kilatini kutoka katika misale ya namna hiyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitaka waumini wasomewe Maandiko kwa wingi zaidi. Mpango mpya wa masomo ukatoka mwaka 1969, na Misale mpya ya Papa Paulo wa Sita mwaka 1970. Masomo ya Jumapili, yaliyokuwa ya mzunguko wa mwaka mmoja, yakawa ya miaka mitatu: Mwaka A tunasoma zaidi Mathayo, B Marko, C Luka. Siku za juma za kipindi cha kawaida, yaani nje ya vipindi kama Majilio na Kwaresima, somo la kwanza likapewa mzunguko wa miaka miwili. Wingi huo usingeingia katika kitabu cha sala. Masomo yakahamia kwenye kitabu chake, Kitabu cha Masomo, ambacho wengine hukiita leksionari.

Angalia Jumapili ijayo. Padre akisema "Tuombe", mtumikiaji humfungulia kitabu chenye tepe za rangi. Maneno meusi ndiyo anayotamka, na mekundu yanamwambia cha kufanya, kama kuinua mikono au kuinama. Hiyo ndiyo misale ya altare, ile uliyoiita ya padre. Kisha msomaji anakwenda mimbarini, ambako Kitabu cha Masomo kinamsubiri.

Kilichokuchanganya ni misale ya waumini. Hiyo imekusanya vyote, sala na masomo, ili mtu mmoja afuate Misa nzima akiwa kwenye benchi. Ndiyo maana nyumbani tunasema "nipe misale nione somo la leo", na usemi huo hauna kosa lolote. Unakuwa kosa pale tu unapovuka na kuingia sakristia, chumba cha kutunzia vifaa vya Misa: ukimtuma kijana alete misale ilhali msomaji ndiye anayesubiri, atakuja na kitabu kisicho na somo hata moja, na Misa itasimama. Binafsi, kwa kile cha mimbarini, napendelea Kitabu cha Masomo kuliko leksionari. Jina linajieleza, hata mtoto anayejifunza kutumikia halimsumbui.

Barua yako basi iandike hivi: "Tunaomba misale tano za waumini na Kitabu kimoja cha Masomo ya Jumapili." Na kama mnataka cha Mwaka A peke yake, au cha miaka yote mitatu, litajeni hilo humo humo.