Jibu kwa dogo wa ustawi wa jamii: dawati la wazee huku Mwanza lina kazi kuliko ulivyoambiwa

Dogo, umeuliza kama kuna kazi ya maana kwenye dawati la wazee. Unamaliza diploma ya ustawi wa jamii, umepangiwa mafunzo kwa vitendo Misungwi, na wenzako wanakutisha kwamba utakuwa unagawa blanketi Siku ya Wazee, tarehe 1 Oktoba, na kusindikiza vikongwe Bukumbi, basi. Mimi ni afisa ustawi kanda hii miaka mingi sasa, nimekaa mjini na vijijini, na mafaili yangu mengi yanahusu jambo moja: mzee alale wapi.

Nianze na Bukumbi. Yale ni makazi ya serikali, yanamfaa mzee asiye na mtu kabisa. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaanza na familia na jamii, makazi ya serikali yanakuja mwisho. Tatizo ni kwamba viongozi wa vijiji wengi wanayataka yaje kwanza, maana yanamaliza kesi haraka. Sasa ujue: mzee ukimpakia kwenye gari, kiwanja chake kitakuwa kimeshagawanywa kabla hamjafika Usagara. Ndiyo maana mimi kila nikiletewa barua ya "mzee hana makazi" nauliza kwanza, alikuwa akilala wapi mpaka jana, na nani anapataka pale?

Nikupe mfano. Mjane mmoja upande wa Magu, barua ya kijiji ilisema nyumba imebomoka kwa mvua, tumtafutie pa kwenda. Nikaenda na mtendaji. Nikamwamkia, "ng'wangaluka mayu", tukaletewa vigoda, tukapiga soga za mahindi kwanza. Kisha nikazunguka nyumba. Mvua hula ukuta wa udongo kuanzia chini, dogo. Pale chini palikuwa pazima. Matofali yaliyotoka yalikuwa ya juu, na yamepangwa pembeni vizuri kabisa, ya mtu anayejiandaa kujenga kwake. Mtendaji aliyaona, akaangalia pembeni.

Watoto wa shemeji yake ndio walikuwa wanakitaka kiwanja. Na maneno yalishaanza kisimani kwamba bibi ana macho mekundu, yaani ni mchawi. Wewe kama ni wa huku unajua neno hilo limeua akina mama wangapi Usukumani. Macho yalikuwa mekundu kweli: anapikia ndani, hakuna dirisha, kuni hana, anachochea mabua na samadi kavu. Miaka yote moshi unamwingia yeye.

Kwa hiyo kesi iliyoandikwa "nyumba" ilikuwa na ardhi, uvumi na moshi kwa pamoja, na ukitatua kimoja ukaacha viwili umefanya kazi bure. Kwenye ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Ijue kwa kichwa, lakini usiwasomee ukoo kama hakimu, watakuitikia na ukiondoka watafanya yao. Sisi tuliomba kikao cha wazee wa ukoo na serikali ya kijiji, shemeji mwenyewe akaonyesha mipaka mbele za watu, tukapanda minyaa ya kuonyesha mpaka siku hiyo hiyo, na muhtasari ukaandikwa wote wakatia dole gumba. Mtu akishaonyesha mpaka kwa mkono wake, kuuruka kesho ni aibu. Ingeshindikana tungeenda Baraza la Kata, ila elewa kwamba siku hizi lenyewe linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu unapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko mzee wa miaka 80 atachoka na nauli kabla ya shauri kusikilizwa.

Nyumba yenyewe ikawa ndiyo rahisi. Mabati walichanga wafanyabiashara wa mnadani, nguvu kazi ikatoka kitongojini. Niliyosimamia mwenyewe ni mambo matatu: jiko litoke nje, chumba kipate dirisha, na mlango uwe na komeo imara la ndani. Mjukuu wa kike akahamia kulala naye. Na uvumi? Ukisikia mzee ametajwa kwa mganga, usijifanye wewe ni ofisi pekee. Polisi kata ajue siku hiyo hiyo, na mwenyekiti ajue kwamba polisi anajua.

Mjini ni habari nyingine. Mabatini, Igogo, Bugarika, kule juu mawe kwa mawe, utakuta mzee chumba anacho lakini goti limekwisha, hajashuka barabarani tangu masika, maji ananunua kwa mtoto wa jirani. Huyo humjengei, unamtafutia chumba cha chini. Na hapo utakutana na mwenye nyumba anayeona mvi anakuambia chumba kimeshachukuliwa. Anachoogopa zaidi ni msiba, kodi inakuja baadaye: mpangaji akifia ndani, nani atasafirisha, nani atazika? Mpe jina na simu ya ndugu, na barua ya mtaa inayosema nani atawajibika, uone kama chumba hakitapatikana.

Wagumu kuliko wote ni wazee wa mialoni, kule wavuvi wanakopaki mitumbwi. Mtu alikuja kuvua akiwa kijana, katoka Kagera au Mara au visiwani, akaoa na kuachana, nguvu zikaisha. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa vibanda vingi vya ufukweni viliingia maji, na kurudi palepale ni shida kwa sababu Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Kwao walishamfanyia matanga zamani. Wakati mwingine ndugu wanakubali, wakati mwingine wanakata simu. Hao sasa ndio wa Bukumbi, na uwapeleke bila kujiona umeshindwa.

Mshahara unaujua, wa serikali. Usafiri usiutegemee, jenga urafiki na afisa mifugo mwenye pikipiki. Ukifika Misungwi omba rejista ya wazee, halafu zunguka nayo na balozi nyumba kwa nyumba, maana walio mle wengine wameshafariki na wanaoishi peke yao wengi hawamo. Na uende na gambuti, udongo wa mbuga kule masika unavua viatu.