Maswali yenu: Kula nje wakati kolesteroli iko juu

Vipimo vimetoka, kolesteroli 6.4. Nimeacha chipsi mayai, sasa mchana naagiza chipsi kavu. Nipo sawa? (Dereva bodaboda, Ubungo)

Umetoa yai, umebaki na karai. Yai moja lina miligramu 200 hivi za kolesteroli, zote kwenye kiini, lakini si hizo zinazowaangusha wengi wenu. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo kwenye damu yako imetengenezwa na mwili wako mwenyewe, hasa ini. Kinachofanya LDL, ile kolesteroli mbaya, irundikane ni zaidi mafuta mgando, yale yanayoganda kwenye baridi. Mawese karibu nusu yake ni mafuta ya aina hiyo. Alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize muuza chipsi anakaangia nini, kisha chungulia karai. Mafuta meusi yanayotoa povu na moshi yamekaangia watu tangu juzi. Akinuna, hama kibanda. Yai ukilitaka, kijana wa trei anapita na ya kuchemsha, na kachumbari anayo. Mwenye kisukari ndiye awe mwangalifu zaidi na idadi ya mayai kwa wiki, na aongee na daktari wake.

Mama ntilie wetu ametuonyesha dumu lake: limeandikwa "haina kolesteroli". Si tupo salama? (Mwalimu, Mbeya)

Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Hata chupa ya maji ingeweza kuandikwa "haina mifupa". Ninyi wa Mbeya mna bahati ya baridi: Juni asubuhi dumu likiamka limeganda, jibu mmeshapata: mafuta mgando yamo mengi.

Nikila nyama choma nakunywa maji ya moto na ndimu kukata mafuta. Niweke ndimu ngapi? (Msomaji, Dodoma)

Weka unazopenda, hazikati kitu. Hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka, na mtaniuliza tena wiki ijayo kwa tangawizi.

Kila Ijumaa ofisini kwetu ni nyama choma. Nikikataa naonekana naringa. Nifanyeje? (Mhasibu, Arusha)

Usikatae. Agiza wewe, maana anayeagiza ndiye mwenye meza. Taja mbuzi, mguu wa nyuma, mbavu waachie wengine. Kilo mbili kwa watu wanne ni ulafi tu, hata mkiuita ukarimu. Ndizi ziwe za kuchoma, kachumbari ije sahani kubwa, kuku avuliwe ngozi. Uliza pia kama huyo kuku choma wao hapitii kwenye karai kwanza. Wapo wanaomkaanga, halafu wanampitisha motoni apate rangi na harufu, nawe unalipa ukidhani umekula cha moto wa mkaa. Makange ni kitu kilichokwisha kukaangwa kinarudishwa jikoni kikakaangwe tena na vitunguu. Na kitimoto cha kukaanga kinaivia kwenye mafuta yake chenyewe. Hilo mnalijua, mnajifanya hamlijui.

Hukuniuliza bia, nakwambia hata hivyo: pombe nyingi inapandisha trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, ule mstari kwenye cheti cha maabara ambao mnauruka mkikimbilia LDL.

Wengi mnaharibu kesho yake. Jumamosi asubuhi mnakutana tena kwenye supu na chapati mbili. Mafuta yanaelea juu ya sufuria yakionekana kwa macho. Mwambie mhudumu ayasogeze achote chini. Chapati ya kusukuma imepakwa mafuta ndani ya kila mkunjo. Omba ndizi za kuchemsha.

Mimi ni mwembamba, haya yananihusu? (Mwanafunzi, Morogoro)

Yanakuhusu. Ini halijui saizi ya suruali. Kama baba au kaka yako alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, kapime.

Shikamoo. Wazee wetu wamekula nazi miaka yote na hawakuugua moyo. Leo mnatutisha. Na pweza je? (Mfanyabiashara, Tanga)

Marahaba. Zaidi ya sehemu nane kati ya kumi za mafuta ya nazi ni mafuta mgando, na heshima ya mzee haibadilishi hilo. Hao wazee walitembea kwenda shamba na kuvuta nyavu, wewe unafuatwa na bajaji mlangoni. Sikukatazi mchuzi wa samaki wa nazi. Nakataza wali wa nazi, maharage ya nazi na mchuzi wa nazi kwenye meza moja. Chagua kimoja, vingine viwe vikavu. Pweza wa kuchemsha ana mafuta kidogo sana, mle na supu yake. Wanayosema wauzaji kuhusu nguvu za kiume sitajibu.

Nimeanza atovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli. Sasa naweza kurudi kwenye vyakula vyangu? (Mstaafu, Moshi)

Hapana. Na usiiache dawa kwa sababu kipimo kimeshuka. Kimeshuka kwa sababu unaimeza. Mkiwa hotelini, juisi ya balungi iruke, kwani inaweza kuongeza kiwango cha dawa hiyo mwilini. Mwambie mfamasia unakunywa nini.

Mimi ni mama lishe. Wateja siku hizi wanauliza mafuta. Nipunguze nini bila kupandisha bei? (Kibaha)

Wewe ndiye nilikuwa nakusubiri. Acha kumimina kutoka kwenye dumu, pima kwa kijiko. Mafuta ni ghali, utaona tofauti kwenye daftari lako kabla mteja hajaiona kwenye damu. Maharage yaunge kwa kitunguu, nyanya na karoti, usiyamwagie mafuta mengine mwishoni ili yang'ae. Supu ienguliwe kabla haijafika mezani. Samaki weka wa kuchoma pembeni ya wa kukaanga, kwa bei ileile, wachague. Mchicha ujae sahani. Na mafuta ya jana yamwage, usiyaongezee mapya.