Wimbo mmoja ulioimbwa nje ya klabu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Umeniuliza kwa nini katika filamu ya Cabaret, mliyoitazama na wenzako huko Kampala, wimbo wa yule kijana kwenye bustani ya bia ulikutisha kuliko hata kipigo kilichoonyeshwa waziwazi.

Chanzo ni uamuzi wa mwongozaji, Bob Fosse. Katika mchezo wa jukwaani wa mwaka 1966 ambao filamu imetokana nao, wahusika huimba hata majumbani mwao. Fosse aliziondoa nyimbo hizo, akaacha karibu zote ziimbwe ndani ya klabu ya Kit Kat, katika Berlin ya mwaka 1931. Mtazamaji huzoea kwamba nyimbo ni za klabu, pamoja na poda ya usoni na vichekesho vya mshereheshaji, aliyeigizwa na Joel Grey, na kwamba ya mtaani hubaki mtaani. Hata meneja wa klabu anapopigwa na Manazi, wafuasi wa Hitler, picha za kipigo zinapishana na ngoma ya kuzabana makofi jukwaani.

Kisha unakuja wimbo huo, mchana kweupe, bila poda wala taa za rangi. Sauti ni tamu. Kamera inaanzia usoni mwa kijana, halafu inashuka hadi kwenye kitambaa chenye swastika, alama ya Manazi, alichofunga mkononi, na watu wa kawaida, wake kwa waume, wanainuka mmoja baada ya mwingine kuimba pamoja naye, isipokuwa mzee mmoja anayebaki ameketi. Nadhani uliogopa kwa sababu ulikwisha kuupenda wimbo kabla hujakiona kitambaa, ilhali kipigo ulikichukia tangu mwanzo.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1972, mwaka uleule Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Muziki haukunyamaza hapa kwetu. Bendi ya Afrigo ilianzishwa mwaka 1975, katikati ya utawala wake. Sisemi hivyo kuwalaumu wapigaji, maana gitaa ndilo lililowalisha wengi wao.

Ndiyo maana sikubaliani nawe unapomwita Sally Bowles, mwimbaji wa klabu aliyeigizwa na Liza Minnelli, mpumbavu asiyeona kinachotendeka. Sally ana jukwaa lake na ujira wake, basi. Lawama hiyo ungempelekea Maximilian, yule tajiri mkubwa anayewaona Manazi kuwa wahuni wa kutumiwa dhidi ya Wakomunisti, kisha wadhibitiwe. Wimbo wa bustanini unapopamba moto, Brian, mpenzi wa Sally, anamuuliza kama bado anaamini kwamba watadhibitika, na tajiri wa watu hana jibu.

Wasalimie wenzako.

Ni mimi babako.