Micheweni na Ibra: saa moja tu, lakini...

Dada, umeuliza ukimpigia shangazi yako Ibra, Oman, saa mbili usiku ya huku Micheweni, Pemba, kama utamkuta macho. Utamkuta, kule ni saa tatu. Wametutangulia saa moja tu, mwaka mzima.

Tatizo ni kuisoma saa. Mjomba wangu kazaliwa kule, kaniambia "nipigie saa tisa usiku", yaani tisa ya Kizungu, ambayo kwa kuhesabu kwetu ni saa tatu. Mie nikampigia saa tisa yetu hasa. Kwao saa kumi alfajiri! Mwezi mzima hakunisemesha.

Kwa tabia, wale wa Ibra ni watu wa zamu. Maji ya mitende hutoka kwenye falaji, yaani mfereji wa maji wa pamoja, na kila mtu ana sehemu yake, inayopimwa kwa kipimo wanachokiita athari; athari moja ni kama nusu saa. Zamani walipima kwa kivuli mchana, nyota usiku. Ukichelewa, yamekwenda kwa jirani.

Sisi Micheweni bwana wetu ni bahari. Wanawake wanaolima mwani hushuka wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50, basi ukiuliza "kesho saa ngapi?" utajibiwa "maji yakitoka". Shangazi yako akija likizo mwambie mapema, asije akawaona wavivu.