Kipa aliyedaka kwa miguu

SWALI: Shikamoo mzee. Jumamosi nilitoka mwaloni na harufu yangu ya dagaa, nikapitia banda la video hapa Ujiji. Wameweka filamu ya kipa mweusi wa enzi za kale, mji mdogo Uingereza. Dijei anayetafsiri akadai jamaa alining'inia kwenye mtambaa panya akaunasa mpira kwa miguu. Banda zima tukacheka. Ni kweli, au chumvi ya dijei? – Mvuvi, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Safari hii dijei msameheni. Huyo ni Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra, 1865, aliyekwenda Darlington kusomea umisionari, mpira ukamteka. Kituko hicho alikisimulia mtazamaji wa Sheffield miaka mingi baadaye: kaning'inia, kaubana mpira katikati ya miguu, washambuliaji watatu wakatumbukia wavuni. (Wazee wa mpira tuna chumvi zetu, mimi nikiwemo.) Lakini mbio zake hazina ubishi: 1886, Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100, yaani mita 91 hivi, kwa sekunde 10. Tena siku hizo kipa aliruhusiwa kushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja. Mpe mtu kama huyo uhuru huo!

Mwaka 1889 akaanza kulipwa, Rotherham Town. Alifariki 1930, kibarua wa mgodi wa makaa ya mawe, akazikwa kaburi lisilo na jina. Jiwe likawekwa 1997. Sehemu hiyo mliiona, au umeme ulikatika kama kawaida?