RAM 412, gramu 1.13: jibu kwa anayetaka kutoa dhahabu kwenye kompyuta mbovu

Mkuu, umeuliza kama yale magunia mawili ya mazagazaga ya kompyuta uliyoachiwa na shemeji yako alipofunga intaneti kafe yanaweza kukutoa. Umeona video, jamaa anamimina maji fulani kwenye beseni, dakika kumi baadaye anashika kitonge cha dhahabu. Wengi hapo juu wamekujibu kwa kicheko, na mmoja kakushauri utumie zebaki. Mimi kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu, hapa Mwanza, kama starehe ya jioni baada ya kufunga kibanda changu cha ufundi. Acha nikujibu kwa kirefu.

Dhahabu ipo, hilo usibishane na mtu. Yale meno ya njano unayoyasugua kwa raba RAM, yaani kile kibao cha kumbukumbu ya kompyuta, ikigoma kusoma ni dhahabu kweli. Inawekwa pale kwa sababu haishiki kutu, basi umeme unapita miaka yote bila kizuizi. Shida ni kwamba ni ya kuchovya. Masonara wanalijua neno hilo vizuri: juu dhahabu, chini kitu kingine. Kwenye RAM, chini yake kuna nikeli, kisha shaba.

Sasa piga hesabu nami, maana hesabu hii ndiyo ingeniokolea miezi kadhaa kama ningeipiga mapema. Chukua RAM ya DDR3. Ina meno 240, pande zote mbili. Jino moja lina eneo la milimita mraba 2 hivi, kwa hiyo meno yote kwa pamoja ni kama sentimita mraba 5, kieneo cha stempu ndogo ya posta. Unene wa dhahabu, kwenye kazi nzuri kabisa, ni maikroni 0.76. Unywele wa binadamu una maikroni kama 70, kwa hiyo tunazungumzia unywele uliochanwa mara tisini. Dhahabu ina gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo. Zidisha vyote: unapata miligramu 7 kwa RAM moja, na hiyo ni ya kiwanda kisichobana matumizi. Zile za bei rahisi zinachovywa nyembamba zaidi, unabaki na miligramu 1 au 2.

Mimi nilikusanya RAM 483 kwa muda wa mwaka mzima, nyingine kwenye kibanda changu, nyingine kwa wauza vyuma chakavu waliokuwa wananipimia kwa kilo. Kabla ya kukata hata moja nilizijaribu zote kwenye mashine. Hapa naomba usome taratibu: 71 zilikuwa nzima. Nikaziuza moja moja kwa shilingi elfu kumi hadi elfu kumi na tano, nikapata zaidi ya laki nane. Zilizobaki 412, zilizokufa kabisa, ndizo nilizozitolea dhahabu. Nikapata gramu 1.13. Sonara wa hapa mjini, mwaka 2022, aliniambia angenipa laki moja na ishirini kwa gramu. Asidi, dawa, gesi na vyombo vilikula karibu laki moja. Kwa hiyo aliyenilipa ni RAM nzima. Dhahabu ilinipa kitu kingine kabisa, nitakifikia.

Nitakueleza njia niliyotumia, ili ukiamua kufanya ujue unaingia wapi. Meno unayakata kwa mkasi wa bati, karibu kabisa na ukingo, kusudi usiingize plastiki nyingi. Unayaweka kwenye ndoo ya plastiki, unamimina asidi ya haidrokloriki, ile inayouzwa madukani ya kusafishia vigae, halafu unaongeza kidogo sana peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Hapo ndipo video zinapokudanganya. Mchanganyiko huu hauyeyushi dhahabu. Unakula shaba na nikeli iliyo chini yake, kisha dhahabu inabaki haina pa kushikilia, inabanduka yenyewe na kuelea kama magamba ya dagaa. Haichukui dakika kumi. Ndoo yangu ilikaa siku tisa, na nilitumbukiza mpira wa pampu ya tangi la samaki ili upulize hewa taratibu, maana hewa ndiyo inayoipa ile asidi nguvu mpya ya kula shaba. Maji yanageuka kijani cha chupa ya bia. Ukiwa na pupa ukamwaga peroksaidi nyingi, dhahabu yenyewe nayo inaanza kuyeyuka kidogo na unaanza kuitafuta kwa tochi.

Ile asubuhi ya kwanza nilipotikisa ndoo na kuona magamba yanazunguka kwenye maji ya kijani, jua linayapiga, nilikaa pale nusu saa nzima. Chai ikapoa.

Baada ya kuchuja na kuosha, magamba yenyewe unayayeyusha. Wenye maabara wanatumia maji ya kifalme, yaani asidi ya naitriki na haidrokloriki kwa pamoja. Mimi naitriki sikuigusa na sitaigusa nyumbani. Moshi wake ni wa rangi ya kahawia nyekundu, na ubaya wake ni kwamba unaweza kuuvuta mchana ukakohoa kidogo, ukajiona mzima, usiku mapafu yakajaa maji. Nilitumia haidrokloriki na Jik kidogo kidogo. Najua unachowaza: mama zetu wametukataza tangu utoto kuchanganya Jik na dawa ya choo. Ni sawa kabisa, kinachotoka ni gesi ya klorini, na ndiyo hiyo hiyo inayoyeyusha dhahabu. Kwa hiyo kazi hii inafanyika nje, mahali pa wazi, upepo unakutoka mgongoni, watoto hawapo, miwani usoni na glavu ndefu mkononi. Kama unaishi chumba na sebule kwenye nyumba ya kupanga, jibu langu kwako ni hapana, tuishie hapo.

Magamba yakiyeyuka unabaki na maji ya njano kama mkojo wa mtu asiyekunywa maji, na moyo unadunda kwa sababu dhahabu huioni tena. Ukitaka kujituliza kumbuka kisa cha mwanakemia George de Hevesy. Mwaka 1940, Wajerumani walipoingia Copenhagen, Denmark, aliyeyusha nishani mbili za dhahabu za Nobel, ya Max von Laue na ya James Franck, akaiacha ile chupa kwenye rafu ya maabara. Wanajeshi walipita wasijue. Baada ya vita dhahabu ikarudishwa kutoka kwenye maji yale yale na nishani zikatengenezwa upya. Kwa hiyo haijapotea. Isipokuwa ukiimwaga.

Kuhakikisha, chukua lehemu isiyo na risasi, ambayo sehemu kubwa ni bati, yeyusha kipande kidogo kwenye haidrokloriki. Dondoshea tone la hiyo dawa juu ya tone la maji yako ya njano kwenye pamba. Kama kuna dhahabu, pamba inageuka rangi ya ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau. Kipimo hiki ni cha senti chache na ndicho kinachotenganisha fundi na mbahatishaji. Usimwage maji yoyote, hata uliyodhani ni uchafu, kabla hujayapima hivi.

Kisha harufu ya klorini ikishaisha unaweka sodiamu metabaisalfaiti, dawa inayotumika pia kwenye matunda makavu yasibadilike rangi. Inanuka kama kiberiti kilichowashwa. Maji yanachafuka, na chini panatulia unga wa kahawia. Ukiuona hutaamini: ni kama ugoro wa bibi. Hakuna ung'aro wowote. Ndiyo dhahabu.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa. Mara ya kwanza, kabla ya zile 412, nilijaribu na RAM 60 tu. Nikakausha ule ugoro wangu, nikauweka kwenye kigae kikavu, nikawasha tochi ya gesi na kuielekeza moja kwa moja. Fuuu! Kazi ya wiki mbili ikapaa mbele ya macho yangu. Nilifagia sakafu ya banda, nikachoma takataka zake, sikupata kitu. Baadaye sonara mmoja mzee alinionyesha: kibakuli cha kuyeyushia kwanza unakipaka boraksi, ule unga mweupe wa masonara, kikiwa cha moto hadi king'ae kama kioo, unga unaufunga kwenye kipande cha karatasi yenye unyevu, moto unaanza mbali na mlaini, ndipo unasogea. Dhahabu inayeyuka nyuzi 1,064 za selsiasi. Ikifika, ule ugoro unajikusanya ghafla, unakuwa tone linalozunguka kama jicho la samaki. Lile la RAM 412 lilitoka na ukubwa wa punje ya mbaazi.

Hasara ya pili sikuiona inakuja. Ndoo nilikuwa naificha stoo, nimeifunika kwa sahani tu. Asidi ile inatoa mvuke hata ikiwa imetulia. Baada ya wiki mama watoto akaniita kwa sauti ile ambayo mwanaume ukiisikia unajua: "Baba, hebu njoo uone cherehani yangu." Cherehani ilikuwa imeota kutu ya rangi ya chungwa mwili mzima. Misumari ya mlango, koleo zangu, spoku za baiskeli ya mtoto, vyote hivyo hivyo. Cherehani nililipa. Ukiweka bei yake kwenye hesabu ya dhahabu niliyokupa juu, unaona mwenyewe tumefika wapi.

Kuhusu zebaki. Huyo ndugu aliyeshauri nadhani ametoka machimboni, na kule naelewa inatokea wapi: zebaki inakamata chembe za dhahabu zilizo huru kwenye mchanga. Kwenye bodi ya kompyuta inakamata pia bati na risasi ya lehemu, unapata uji usio na maana, halafu unauchoma nyumbani na kuvuta mvuke wake. Achana nayo. Kuchoma bodi mtaani ili plastiki iishe nako ni hivyo hivyo: risasi, na zile dawa za bromini zinazotiwa kwenye bodi zisishike moto, zote zinakwenda kwenye vifua vya majirani.

Yale maji ya kijani yanayobaki ndiyo ambayo video hazikuonyeshi yanaishia wapi. Hapa kwetu mtaro wowote unateremka ziwani, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kali kwa samaki. Mimi natupia humo vipande vya nondo chakavu. Chuma kinayeyuka na shaba inashuka chini kama matope mekundu, ambayo muuza shaba anayachukua. Maji yanayobaki nayatia chokaa kidogo kidogo hadi asidi iishe na uchafu wote utulie chini kama tope la kutu. Tope hilo nalihifadhi kwenye dumu la plastiki, nampelekea mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ni kazi ya siku mbili ambayo haina hata chembe ya raha.

Mjomba wangu anachimba Nyarugusu, Geita. Nilimpelekea ile punje nikitegemea sifa. Akaiweka kiganjani, akaniuliza, "Mjomba, hii umeifanyia kazi siku ngapi?" Nikamwambia ukiacha kukusanya, miezi miwili. Akacheka hadi akakaa chini. Nikajitetea kwamba tani moja ya mwamba wenye gramu 2 au 3 watu wanaisaga, wakati shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema simu milioni moja zina kilo 34 za dhahabu. Akaniuliza swali moja tu: hizo simu milioni nazipata wapi? Sikuwa na jibu. Na hata Wajapani, walipokusanya vifaa vya kutengenezea medali za Olimpiki ya Tokyo 2020, walipata tani 78,985 za vifaa vidogo na simu milioni 6.21, kwa jumla dhahabu kilo 32 tu. Ukigawanya tani zile, haifiki hata nusu gramu kwa tani, maana kwenye kapu la watu kuna vitu vingi visivyo na dhahabu. Utajiri wote uko kwenye kuchambua.

Kwa hiyo kwenye magunia yako anza na kuchambua. RAM, prosesa (ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta) na diski zijaribu kwanza, zilizo nzima ziuze zikiwa nzima. Prosesa za zamani za kauri, za enzi za 386, 486 na Pentium Pro ya 1995, weka pembeni hata kama zimekufa. Hizo zina dhahabu nyingi kuliko kitu chochote utakachokuta humo, na wapo wanaozinunua kama kumbukumbu. Pini za njano zipitishie sumaku, zikiruka ujue ndani ni chuma na zinahitaji njia nyingine. Bodi kubwa usizihangaikie, ziuze kwa kilo kwa wanaosafirisha viwandani. Meno ya RAM mbovu kata, weka kwenye kopo, yanasubiri hata miaka mitano bila kuoza.

Punje yangu sikuiuza. Yule sonara mzee aliisugua kwenye jiwe lake jeusi, akaiwekea tone la asidi, akainama kuangalia mstari haujafifia. Akaniuliza nimeitoa mgodi gani. Nikamwambia kwenye kompyuta. Akanitazama juu ya miwani, akasugua tena mara ya pili. Aliichanganya na shaba kidogo iwe karati 18, akamtengenezea binti yangu hereni, na akanirudishia vumbi la kukatia kwenye kikaratasi.

Mwaga gunia moja sakafuni, piga picha kwa karibu, ziweke hapa. Nitakuonyesha zipi za kujaribu kwanza kabla hujanunua asidi.